Herufi Kubwa katika Kiingereza: Kalamu Nyekundu ya Mzee na Mkataba wa Wakili

Swali: Mwalimu, pokea salamu kutoka Kondele, Kisumu. Nina saiba ndogo ambamo nawachapia watu barua, wasifukazi na vijitabu vya mazishi. Mwezi uliopita mwalimu mmoja mstaafu, aliyefiwa na mkewe, alinirudishia kijitabu ambacho watoto wake waliniletea kikiwa kimeandikwa kwa mkono nami nikakichapa, akiwa amezungushia wino mwekundu karibu kila herufi kubwa. Nilijifunza, nikaanza kuzipunguza. Wiki moja baadaye wakili akanirudishia mkataba wa kuuza shamba, akataka nizirudishe zote nilizopunguza. Nani kati yao ana haki, na kanuni yenyewe ni ipi? Aya aliyoichora mzee ni hii, jina nimeliondoa: "Our Late Mother was a Devoted Christian, a Loving Wife and a Retired Nurse. She was born in Western Province during the Long Rains of 1948, trained in Kisumu and served in many Hospitals around the Lake. The Area Chief, the Bishop and all Her Grandchildren will miss Her. Rest well, Mum."

Jibu: Wote wawili wana haki, ndugu yangu, na sisemi hivyo ili kukupatanisha na wateja wako. Mzee alikuwa akisoma habari za maisha ya mkewe, na wakili alikuwa akisoma mkataba. Herufi kubwa ina kazi moja katika maandishi ya kwanza na kazi nyingine katika maandishi ya pili. Nitaanza na mzee, kwa sababu kosa alilolizungushia wino ndilo ninalokutana nalo mara nyingi zaidi hapa Nakuru ninaposahihisha miswada, iwe imetoka kwa mwanafunzi, kwa karani wa kanisa au kwa afisa mwenye shahada mbili.

Kosa lenyewe ni kuifanya herufi kubwa kuwa ishara ya heshima. Tumelelewa hivyo. Katika Kiswahili tunaandika "Mwalimu", "Mzee" na "Mheshimiwa" kwa herufi kubwa kwa sababu mkono huona haya kuwaandika wakubwa kwa herufi ndogo, na ni nadra mtu kutukemea. Mkono huohuo unapohamia kwenye Kiingereza unakwenda na adabu zake: mama anapewa herufi kubwa, kisha askofu, chifu, hospitali, wajukuu, hata neno la kusema kwamba mtu amefariki. Kiingereza cha leo hakimpimii mtu heshima kwa ukubwa wa herufi. Herufi kubwa katikati ya sentensi humwambia msomaji jambo moja tu, kwamba neno hili ni jina. Kwa hiyo, kila unaposita juu ya neno, jiulize kama linamtaja huyu mmoja kwa jina lake au linaweza kumhusu yeyote wa aina yake. Wauguzi wako wengi duniani, na kila mmoja wao ni "nurse"; Kisumu ni moja.

Sasa tuipitie aya yako neno kwa neno, maana karibu kila mtego wa lugha hii umo ndani yake.

"Late" ni kivumishi cha kawaida kama "tall" au "kind", nalo halistahili herufi kubwa hata kama msiba ni mzito kiasi gani. "Mother" katika "our mother" nalo ni neno la aina, kwa sababu "our" limetangulia. Hiki ni kipimo kizuri ambacho unaweza kukiweka kichwani: neno la ukoo likitanguliwa na "my", "our", "her", "the" au "a", liandike kwa herufi ndogo, likisimama peke yake mahali ambapo jina la mtu lingesimama, lipe herufi kubwa. Ndiyo sababu tunaandika "I told my mum" kwa herufi ndogo lakini "I told Mum" kwa herufi kubwa. Watoto wa marehemu walipomaliza kwa kusema "Rest well, Mum" walikuwa wanamwita, na kwa mtoto hilo ndilo jina la mama yake. Nashuku mzee aliizungushia wino "Mum" hiyo pia kwa sababu kalamu ilikuwa imekwisha kupata kasi.

"Devoted", "Loving", "Wife", "Retired" na "Nurse" zote zirudi kwenye herufi ndogo. "Christian" libaki lilivyo, na hapa nina neno la ziada, kwa kuwa wanafunzi wetu hukosea kwa upande wa pili pia. Kiingereza huyapa herufi kubwa hata maneno yaliyozaliwa na majina: "Kenyan tea", "a Luhya proverb", "the Swahili coast". Mfaransa huandika vivumishi vya namna hiyo kwa herufi ndogo. Mwingereza hafanyi hivyo. Kwa hiyo "kenyan" na "english" ni makosa sawasawa na "Loving Wife", ila yamekosea kwa upungufu. Mara chache neno hutembea mbali na jina lililolizaa hadi watu wakausahau uzazi huo. Maziwa unayonunua dukani yameandikwa "pasteurised" kwa herufi ndogo, ingawa ndani ya neno hilo amelala Louis Pasteur mwenyewe.

Kuhusu "Western Province" nitakaa kidogo, kwa sababu hapo mzee na mimi tunaweza kuwa na mawazo tofauti. Kwa upande wa tahajia, maneno hayo mawili yanastahili herufi kubwa, maana yalikuwa jina rasmi la mkoa. Lakini mkoa huo ulitokana na mipaka mipya iliyowekwa wakati wa uhuru. Mwaka wa 1948 sehemu hizo zilikuwa ndani ya Mkoa wa Nyanza. Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013, mkoa nao umebaki katika kumbukumbu. Ukiandika kwa herufi kubwa kwamba mtu alizaliwa "in Western Province" mwaka wa 1948, umedai kwamba palikuwa na kitu chenye jina hilo siku hiyo, nacho hakikuwepo. Andika "in western Kenya", ambapo "western" linaonyesha upande tu, nawe utakuwa umesema kweli kwa mwaka wowote. Kwa jumla, neno la dira ni dogo likionyesha mwelekeo, kama katika "drive north from Kisumu", na ni kubwa likiwa sehemu ya jina linalojulikana, kama "the North Rift". Kati ya hayo mawili kuna ukungu. Baadhi ya wahariri huandika "Western Kenya" kwa sababu, machoni pao, eneo hilo ni kitu kimoja chenye sura yake. Siwezi kuwafunga mikono, mradi wasiandike hivi ukurasa wa kwanza na vile ukurasa wa tatu.

Misimu ni herufi ndogo: "the long rains", "the short rains", "summer", "winter". Siku za wiki na miezi ni herufi kubwa: "Monday", "March". Ukiniuliza kwa nini siku ya wiki ni jina lakini masika si jina, nitakujibu kwamba hayo ndiyo mazoea ya wenye lugha, na mazoea hayadaiwi sababu kila mara.

"Many hospitals" ni hospitali yoyote, hivyo herufi ni ndogo. Ungeitaja moja kwa jina lake kamili, tuseme "Jaramogi Oginga Odinga Teaching and Referral Hospital" iliyoko hapo Kisumu, kila neno lingepata herufi kubwa isipokuwa "and". Na mstari unaofuata ukirejea kwa kusema "the hospital" pekee, unarudi kwenye herufi ndogo. Hata jina la mtaani la hospitali hiyo, "Russia", lina herufi kubwa, kwa sababu jina la utani ni jina pia. Vivyo hivyo "the lake". Najua kwamba kwa mtu wa Kisumu ziwa ni moja tu, lakini neno "lake" halijui hivyo. "Lake Victoria" ni jina. "The lake" ni ziwa lililokwisha kutajwa. Huku kwetu tunaandika "Lake Nakuru" na "Menengai Crater", kisha "the lake" na "the crater". "Nakuru town" kwa maana ya mjini ni "t" ndogo, ingawa "Nakuru Town East" na "Nakuru Town West" zina "T" kubwa kwa kuwa hayo ni majina ya maeneo bunge. Tangu Nakuru ilipotunukiwa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, nimeona pia "the City" ikisimama peke yake kwa herufi kubwa katika mialiko ya harusi. Furaha hiyo naielewa, lakini "city" imebaki "city".

Vyeo ndivyo vinavyoleta ugomvi. Cheo kikishikana na jina la mtu mbele yake huwa sehemu ya jina hilo: "Chief" ikifuatwa na jina, "Bishop" ikifuatwa na jina, "President Ruto". Kikisimama peke yake ni kazi, na kazi ni herufi ndogo: "the area chief", "the bishop". Hata hivyo, hapa miongozo ya uandishi hugawanyika. Miongozo mikubwa ya Marekani, yaani ule wa Chicago na ule wa shirika la habari la Associated Press, huandika "the president" kwa herufi ndogo bila kujali ni rais yupi. Hati za serikali nyingi duniani hukataa katakata. Katiba yetu ya 2010, katika Kiingereza chake, humwandika "the President" kwa herufi kubwa kila anapotajwa, lakini ukifungua kifungu cha 180 utamkuta "the county governor" kwa herufi ndogo tupu. Hakuna gavana aliyepungukiwa na mamlaka kwa ajili hiyo. Mfano huu huwa nautumia mtu anapolalamika kwamba nimemshusha cheo kwenye programu ya mazishi.

Limebaki "Her". Hapa nadhani watoto wa marehemu waliiga vitabu vya dini, ambako Mungu hurejelewa kwa "He" na "Him". Mtindo huo upo na waumini wengi wanaupenda, nawe mwachie mteja anayeutaka, lakini ni wa Mungu peke yake. Mwanadamu, hata awe mpendwa namna gani, ni "her". Kwa taarifa yako, Biblia ya Mfalme James ya mwaka wa 1611, ambayo wengi huidhania kuwa chimbuko la desturi hiyo, huandika viwakilishi vya Mungu kwa herufi ndogo. "God" akiwa Mungu mmoja ni jina. Miungu ya mataifa ni "gods". "Bible" ni kubwa, "biblical" ni ndogo.

Sasa tumwendee wakili. Mkataba wa kuuza shamba huanza kwa kuwataja watu wawili kwa majina na nambari za vitambulisho, kisha husema kwamba kuanzia hapo mmoja ataitwa "the Vendor" na mwingine "the Purchaser", na kipande cha ardhi chenye nambari fulani kitaitwa "the Property". Kuanzia mstari huo maneno hayo yameacha kuwa ya aina; yamekuwa majina ya muda, yanayoishi ndani ya karatasi hizo tu. Herufi kubwa inamkumbusha msomaji kwamba "the Vendor" wa ukurasa wa nne ni yuleyule wa ukurasa wa kwanza. Ulipoishusha ukaandika "the vendor", ulifungua mwanya wa kubishana kama anayesemwa ni muuzaji yule au muuzaji yeyote, na katika mambo ya mashamba huko kwetu hakuna haja ya kumwongezea mtu mwanya. Kwa hiyo wakili hakuvunja kanuni ya mzee. Yeye pia anaandika majina kwa herufi kubwa. Tofauti ni kwamba majina hayo ameyabatiza mwenyewe. Hati ya wakili usiipunguzie wala kuiongezea herufi hata moja kabla ya kumuuliza.

Huenda ukajiuliza ilikuwaje lugha hiyo ikafikia hapo. Warumi walichonga mawe kwa herufi ambazo sisi leo tunaziita kubwa, na hawakuwa na nyingine za kuzichanganya nazo katika mwandiko huo. Herufi ndogo zilizaliwa polepole na mikono ya waandishi wenye haraka, na mwishoni mwa karne ya 8, chini ya Mfalme Charlemagne, mwandiko mmoja safi wa herufi ndogo ulienezwa katika monasteri za Ulaya, huku herufi za kale zikiachiwa vichwa na mianzo. Wapiga chapa walipokuja, walipanga vipande vya risasi katika makasha mawili, herufi kubwa kasha la juu na ndogo kasha la chini, na mpaka leo Waingereza wanaziita kwa makasha hayo, "upper case" na "lower case". Katika karne ya 17 na mwanzo wa karne ya 18, Waingereza wenyewe walikuwa wakiandika nomino nyingi za kawaida kwa herufi kubwa, kwa namna ambayo watoto wa mzee wako wangejisikia nyumbani. Soma mwanzo wa Katiba ya Marekani ya 1787: "We the People of the United States, in Order to form a more perfect Union". "People", "Order", "Union", zote zimesimama wima. Kabla ya karne hiyo kwisha, mtindo huo ulikuwa umefifia Uingereza. Wajerumani wameubakiza mpaka leo, kila nomino herufi kubwa. Wadenmaki waliuacha mwaka wa 1948, mwaka uleule marehemu aliozaliwa. Kwa hiyo aya yako ingechapwa London miaka mia tatu iliyopita, hakuna ambaye angeishika kalamu nyekundu.

Mambo ya mwanzo wa sentensi sitayarefusha, kwani unayajua: neno la kwanza baada ya nukta lina herufi kubwa, na maneno ya mtu yakinukuliwa kama sentensi kamili huanza kwa herufi kubwa ndani ya alama za mtajo. Ukiyakatiza katikati kwa "she said" kisha sentensi ileile ikaendelea, kipande cha pili huanza kwa herufi ndogo. Baada ya nuktambili, Mwingereza huandika herufi ndogo. Wamarekani wengi huweka kubwa ikiwa kinachofuata ni sentensi kamili. Kenya tulirithi mkono wa Kiingereza cha Uingereza, basi baki hapo. "I" ya mimi ni kubwa siku zote, na wanaosema ni kwa sababu ya majivuno ya Waingereza wanasahau kwamba "me" na "my" ni ndogo. Kijiti kimoja chembamba kilikuwa kikipotea katika miandiko ya mkono, ndipo kikarefushwa.

Kwa kazi yako ya saiba, yapo mambo yanayorudi kila siku. Katika barua, "Dear Sir" ina herufi kubwa mbili, lakini tamko la kufungia ni "Yours faithfully", "f" ndogo. "Yours Faithfully" nimeiona kwenye barua za watu wanaoomba kazi ya kufundisha Kiingereza. Katika wasifukazi, masomo ni madogo, "mathematics", "chemistry", "history", isipokuwa "English", "Kiswahili" na mengineyo yanayobeba jina la lugha. Jina kamili la cheti ni kubwa, "Kenya Certificate of Secondary Education", na jina rasmi la shahada ni kubwa, "Bachelor of Education". Lakini "a bachelor's degree" ni shahada ya kwanza yoyote, hivyo ni ndogo.

Vipimo navyo vina ukali wao, maana pale herufi hubadilisha kiasi. Kilo ni "kg" na kilomita ni "km", si "KG" wala "Km", ingawa vibao vya barabarani na risiti hutufundisha vibaya. Mtu akikuletea ombi la kazi kwenye mitambo ya mvuke ya Olkaria, kule Naivasha katika kaunti yetu, hakikisha umeandika "MW". "M" kubwa ni megawati, yaani wati milioni moja. "M" ndogo ni miliwati, sehemu moja ya elfu ya wati. Kwa kidole kimoja utakuwa umeupunguza mtambo mara bilioni moja. Wanabiolojia wana desturi yao: jina la kwanza la kisayansi kubwa, la pili dogo. Mbuta wa hapo kwenu ni "Lates niloticus", na heroe mdogo wa Ziwa Nakuru ni "Phoeniconaias minor". Jina la kawaida la mbuta ni "Nile perch", "N" kubwa kwa ajili ya mto na "p" ndogo kwa ajili ya samaki. Ukiuelewa mfano huo mmoja umeielewa nusu ya barua hii.

Majina ya biashara mwenye kampuni huyachora apendavyo kwenye bango. Safaricom huandika M-PESA kwa herufi kubwa tupu, lakini mwandishi si fundi wa mabango, na katika aya ya kawaida "M-Pesa" inatosha. Herufi kubwa tano mfululizo hupiga kelele zaidi ya maneno yaliyo jirani nazo.

Vichwa ndipo wateja wako watakapobishana kwa muda mrefu zaidi. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kukiandika kichwa kama sentensi, neno la kwanza na majina tu kwa herufi kubwa: "A walk through Kakamega Forest". Magazeti mengi ya Uingereza huenda hivyo, nami naipenda kwa sababu haina cha kubahatisha. Ya pili ni kuyapa herufi kubwa maneno yote yenye uzito na kuviacha vidogo "a", "an", "the", viunganishi vifupi na vihusishi vifupi. Shida iko kwenye kihusishi kirefu kama "through". Mwongozo wa Chicago ulikuwa ukikiandika kwa herufi ndogo bila kujali urefu wake, mpaka toleo la 18 la mwaka 2024 liliporuhusu herufi kubwa kwa vihusishi vya herufi tano na zaidi. Associated Press huanzia kwenye herufi nne. Kosa ninaloliona zaidi, hata hivyo, halitokani na vihusishi. Watu huandika "Why is the Lake Rising?" wakidhani "is" ni neno dogo kwa kuwa ni fupi. "Is" ni kitenzi, na kitenzi kwenye kichwa cha namna hiyo ni kikubwa hata kikiwa na herufi mbili: "Why Is the Lake Rising?"

Kuhusu kuandika aya nzima kwa herufi kubwa, kama wateja wengi wanavyotaka kwenye ukurasa wa shukrani, wazuie ukiweza. Neno lenye herufi ndogo lina umbo, lina vichwa vinavyopanda na mikia inayoshuka, na jicho hulitambua mapema. Neno la herufi kubwa tupu ni sanduku kama masanduku mengine. Jock Kinneir na Margaret Calvert walipobuni vibao vya barabara kuu mpya za Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, waliandika majina ya miji kwa herufi kubwa moja na zilizobaki ndogo, ili dereva aliye mwendoni ayasome. Mwombolezaji mwenye machozi hayuko mbali na dereva huyo. Kichwa cha barua ya kikazi, ule mstari wa "RE:", ni mazoea yetu ya ofisini kuuandika kwa herufi kubwa, nao ni mfupi, uache.

Jambo la mwisho ni la kompyuta yenyewe. Katika Word, ukiteua aya kisha ukabonyeza Shift pamoja na F3, maandishi yatazunguka kutoka herufi kubwa tupu hadi ndogo hadi mianzo mikubwa. Itakuokolea muda, lakini programu haijui Kisumu ni nini. Ikishusha herufi zote inaishusha na Kisumu pia, na kila jina itakubidi ulirudishe kwa mkono. Programu hiyo pia hupenda kukuza herufi inayofuata nukta ya kifupisho, hivyo neno baada ya kifupisho ambacho programu haikijui hupata ukubwa usiolistahili. Kagua hapo kwanza.

Aya ya mzee, basi, ningeichapa hivi: "Our late mother was a devoted Christian, a loving wife and a retired nurse. She was born in western Kenya during the long rains of 1948, trained in Kisumu and served in many hospitals around the lake. The area chief, the bishop and all her grandchildren will miss her. Rest well, Mum." Hiyo "Mum" ya mwisho usiishushe, hata mzee akiizungushia wino mwekundu kwa mara ya pili.